Sonny Bill Williams: Mwana wa Kisamoa aliyeiziba nembo ya benki

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mwezi wa Aprili mwaka wa 2017, timu ya raga ya Blues, ambayo ni ya mji wa Auckland huko New Zealand, iliingia uwanjani ikiwa imevaa jezi zenye nembo ya benki kwenye kola. Wachezaji wote waliionyesha nembo hiyo isipokuwa mmoja. Huyo, pande la mtu lenye kimo na kifua, alikuwa amebandika utepe juu yake isionekane.

Jina lake ni Sonny Bill Williams, na jambo lililomkera ni lile lile tunalolijua sisi wa mwambao: riba. Katika mabaraza ya Mji wa Kale, ya Lamu na ya Malindi, habari ya riba haishi kuzungumzwa. Huyu atakwambia ana akaunti lakini faida yake haigusi, yule atasema ni dharura, na wa tatu atanyamaza kwa kuwa nyumba yake imejengwa kwa mkopo. Lakini ni wachache sana waliowahi kuikataa mbele ya macho ya yule anayewalipa mshahara.

Basi mtu huyu ni nani?

Alizaliwa Auckland mwezi wa Agosti, mwaka wa 1985. Baba yake ana asili ya Samoa, na mama yake ni Mzungu wa New Zealand. Samoa ni visiwa katika bahari ya Pasifiki, na Samoa ya Magharibi ilitawaliwa na New Zealand tangu mwaka wa 1914 mpaka ilipojipatia uhuru tarehe 1 Januari, 1962. Baada ya Vita Kuu vya Pili, Wasamoa wengi walivuka bahari kwenda kufanya kazi katika viwanda vya Auckland. Walikaribishwa wakati kazi zilipokuwa nyingi. Kazi zilipopungua, katika miaka ya 1970, polisi wakawa wanawagongea milango alfajiri kuwatafuta waliopitisha muda wa vibali vyao. Serikali ya New Zealand iliwaomba radhi rasmi mwezi wa Agosti 2021, karibu miaka hamsini baadaye.

Watoto wa watu hao ndio walioijaza raga ya kule, hasa ile ya watu kumi na watatu. Hapa yafaa nieleze, kwani sisi Kenya tunaijua raga ya watu kumi na watano na ile ya watu saba tu. Mwaka wa 1895, katika mji wa Huddersfield huko Uingereza, klabu za kaskazini zilijitenga na wenzao. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani, na walipocheza Jumamosi walikatwa mshahara. Klabu zao zilitaka kuwafidia. Mabwana wakubwa wa London wakakataa, wakisema mchezo si biashara. Hivyo raga ikazaa watoto wawili wasiosemezana kwa miaka mia moja. Raga ile ya wafanyakazi iliota mizizi Sydney, nchini Australia, na wenye maungo mazito kutoka visiwani wakawa ndio nguzo zake za mbele.

Kijana Sonny Bill alichukuliwa na klabu ya Bulldogs ya Sydney akiwa bado mvulana. Mwaka wa 2004, akiwa na miaka 18, alianza kucheza katika timu kubwa, akaitwa kuichezea New Zealand, na kabla ya mwaka kwisha akatwaa ubingwa, Bulldogs ilipoishinda Sydney Roosters 16 kwa 13. Jezi ya Samoa yenyewe hakupata kuivaa.

Alisifika kwa mambo mawili. La kwanza ni bega lake, ambalo likimpata mtu huinuka naye. La pili ndilo lililowafanya watoto wamwige: mabeki wawili au watatu wanamkaba, anakwenda chini, kila mtu anadhani mambo yamekwisha, kumbe mkono mmoja umechomoza kutoka katika rundo hilo na mpira umekwisha kumfikia mwenziwe anayepita mbio.

Bulldogs maskani yake ni Belmore, jirani na Lakemba, mtaa wa Sydney wenye msikiti mkubwa na Waislamu wengi wa asili ya Lebanon. Mmoja wa nyota wa timu hiyo alikuwa Hazem El Masri, Mwislamu mzaliwa wa Tripoli ya Lebanon, ambaye alipostaafu mwaka wa 2009 alikuwa ndiye aliyefunga pointi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi hiyo. Kwa hivyo Uislamu aliuona karibu naye, chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Lakini siku zile, kama alivyokiri mwenyewe mara nyingi, alikuwa amezama katika ulevi na starehe za ujana.

Mkataba uliovunjwa

Mwaka wa 2007 alitia sahihi mkataba wa miaka mitano. Mwezi wa Julai 2008, hata nusu ya miaka hiyo haijafika, alipanda ndege bila ya kumuaga mtu akaenda zake Toulon, Ufaransa, kucheza raga ile nyingine. Klabu yake ilimshtaki, naye mwishoni akalazimika kulipa fidia ya dola 750,000 za Australia.

Wanaompenda huipita sura hii mbio mbio. Mimi sioni sababu ya kuificha. Sisi tumeamrishwa kutimiza mikataba, na Surat al-Maida inafungua kwa amri hiyo hiyo. Ni kweli hakuwa Mwislamu siku ile, lakini hata mila za babu zake wa Samoa haziwezi kusifu mtu anayeondoka bila ya kwaheri. Sydney walimwita msaliti, na hawakukosea sana.

Toulon ndiko alikosilimu, mwaka wa 2009. Rafiki yake Anthony Mundine, bondia Mwislamu wa Australia, alikuwa amekwisha kumfungulia mlango, lakini mwenyewe husimulia zaidi habari za familia moja ya Kitunisia aliyozoeana nayo huko. Walikuwa na watoto watano katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Yeye alikuwa na fedha na sifa, na moyo hautulii. Wao hawakuwa na kitu, na nyumba yao ilikuwa na furaha. Jambo hilo lilimsumbua mpaka akataka kujua wamepata wapi utulivu huo.

Mwaka wa 2010 alirudi kwao, na mwezi wa Novemba akavaa jezi nyeusi ya All Blacks dhidi ya Uingereza. Huhesabiwa kuwa Mwislamu wa kwanza kuivaa. Alitwaa Kombe la Dunia la 2011. Mwaka wa 2013 alirejea Sydney katika raga ya watu kumi na watatu, safari hii na Roosters, ile ile aliyoifunga alipokuwa kijana. Akaipa ubingwa na kuchaguliwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka huo. Mwaka wa 2015 akatwaa Kombe la Dunia mara ya pili, New Zealand ilipoishinda Australia 34 kwa 17 uwanjani Twickenham. Jumla aliichezea All Blacks mara 58. Watu waliofika kileleni katika raga zote mbili ni wa kuhesabika.

Siku hiyo ya Twickenham, wachezaji walipokuwa wakizunguka uwanja na nishani zao shingoni, mvulana mmoja wa miaka 14 aliruka ua na kumkimbilia, na mlinzi akamwangusha chini kwa nguvu. Williams alimwinua, akamrudisha kwa mamaye, akavua nishani yake ya dhahabu akamvisha. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo alikwenda Lebanon kuwatembelea watoto wa wakimbizi wa Syria kambini.

Huko Rio mwaka wa 2016 hakubahatika. New Zealand ilikuwa kundi moja na Kenya yetu katika Olimpiki ya raga ya watu saba, na mashabiki wa Nairobi walitaraji kuona vijana wao wakikabiliana naye. Mshipa wa kisigino ulimkatika katika mchezo wa kwanza, walipofungwa na Japani. Kenya ilifungwa 28 kwa 5 bila yeye kuwapo.

Alipopona ndipo akaja na utepe wake. Wakuu wa raga walikubali kwamba asilazimishwe kutangaza benki, pombe wala kamari, na kwenye kola yake pakawekwa nembo ya chama cha kutunza afya ya watoto wachanga. Lakini wenye ndimi hawakukosekana. Waliuliza: mbona jezi ya All Blacks ina jina la kampuni ya bima kifuani naye anaivaa? Swali si la kipuuzi, na masheikh wa kwetu wangeliuliza vile vile. Yeye alijibu kwamba kadiri anavyojifunza dini, ndivyo mambo aliyokuwa akiyafanya zamani yanavyomwia mazito. Mimi jibu hilo linanitosha. Nani katika sisi aliyeacha yote kwa siku moja?

Mwezi wa Januari 2018 alikwenda Umra. Mwaka uliofuata, Ijumaa ya tarehe 15 Machi, mtu mwenye bunduki aliingia misikiti miwili ya Christchurch, mji ambao Williams aliwahi kuishi na kuuchezea, akaua watu 51. Miongoni mwao walikuwamo jamaa zetu wa asili ya Kisomali. Williams alionekana katika picha za video akilia bila ya kujizuia. Kisha akafunga safari kwenda hospitalini kuwaona majeruhi. Alifuatana na Ofa Tu'ungafasi, mchezaji mwenzake mwenye asili ya Tonga, na siku zile zile Tu'ungafasi akasilimu. Akasilimu na mama yake Williams, yule mama wa Kizungu aliyemzaa.

Alistaafu raga mwezi wa Machi 2021, akabaki na ndondi, mchezo aliokuwa akiucheza kando tangu 2009. Hapo sikubaliani naye, maana uso wa mwanadamu tumekatazwa kuupiga, ingawa najua wapo Waislamu wengi wenye mikanda ya dunia. Novemba 2022 aliangushwa na Mark Hunt, naye pia wa damu ya Kisamoa. Tarehe 16 Julai 2025, wiki chache kabla ya kutimiza miaka arubaini, alipanda tena ulingoni Sydney na Paul Gallen, hasimu wake wa zamani wa raga, akashindwa kwa pointi, waamuzi wenyewe wasikubaliane. Ukumbi huo una jina la benki juu ya mlango.