Pindo na Mshono katika Nguo Inayosanifiwa kwa Kompyuta

Kikundi cha mafundi cherehani kilichonunua vitendea kazi kwa mkopo wa Halmashauri, na sasa kinatafuta kazi ya kushona sare za shule, kinaweza kumwonesha mteja sketi iliyokamilika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Programu za kompyuta kama CLO na Marvelous Designer za Korea Kusini, au Blender inayopatikana bure, huunganisha vipande vya nguo na kuvivika sanamu ya mtu kwenye kioo. Kitambaa cha majaribio huokolewa. Hata hivyo, picha hiyo hudanganya kwa urahisi zaidi kwenye pindo.

Kwa kompyuta, kitambaa ni wavu wa pembetatu ndogo, na kila kifundo cha wavu huo kimefungwa kwa jirani zake kama kwa springi. Katika Marvelous Designer, umbali wa kuanzia kati ya vifundo ni milimita 20. Wavu huo watosha kuonesha sketi inavyoning'inia, lakini pindo la sentimita 2 halina pa kukunjikia. Umbali ukipunguzwa hadi milimita 5 mkunjo huonekana, ila vifundo huongezeka takriban mara 16 na kompyuta huelemewa.

Tabaka zilizokunjwa nazo husukumana na kutetemeka. Ndiyo maana wasanifu wengi hawakunji. Huongeza unene na ugumu ukingoni, kisha huweka mshono juu yake kama picha. Njia hiyo inakubalika mradi ukingo upewe pia uzito, kwani pindo ndilo huivuta sketi chini ikaanguka vizuri.

Mshono halisi haulali tambarare. Uzi uliokazwa mno hufinya kitambaa. Kwenye jinzi, meno ya cherehani husogeza tabaka la chini mbele ya lile la juu, pindo likajisokota kama kamba. Msanifu huiga mifinyo hiyo kwa kuufanya mstari wa mshono uwe mfupi kidogo kuliko kitambaa unachokishika.

Lakini uzuri wa picha si kitu mbele ya hesabu. Sketi ya mwanafunzi huachiwa pindo refu ili lifumuliwe na kuteremshwa mtoto arefukapo. Pindo la sentimita 4, pamoja na sentimita 1 ya kukunjia ndani, huongeza sentimita 5 katika urefu wa kila kipande. Kwa sketi 200, kipande cha mbele na cha nyuma vikikatwa ubavu kwa ubavu, hizo ni mita 10 za kitambaa. Pindo lililochorwa tu juu ya picha halimo katika vipimo vya programu. Kikundi kitakachotaja bei kwa kuvifuata kitazigharimia mita hizo kwa fedha za marejesho. Pindo liongezwe kwenye kipande chenyewe kabla bei haijatajwa.

Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haitozwi riba, lakini hurejeshwa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo ya kuomba.