Usalama wa Mgeni Nyali: Bahari Ina Saa Zake

Kila msimu wa sikukuu, familia nyingi za Uganda husafiri kwenda Mombasa, na baadhi yake hufikia Nyali, kitongoji cha bara ya kaskazini kilichounganishwa na kisiwa kwa Daraja la Nyali. Tangu 2014, raia wa Uganda, Rwanda na Kenya huweza kuvuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa. Safari imekuwa nyepesi, lakini wepesi huo haumwondolei mgeni wajibu wa kujilinda.

Hatari ya kwanza ni bahari yenyewe. Sisi tuliozoea Ziwa Victoria tumezoea maji yasiyohama. Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kupwa hupita takriban saa 6. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina huweza kuzidi mita 3. Maji yakipwa, mgeni huona mchanga na miamba viko wazi, akaongoza watoto mbali na ufuo. Maji yanaporudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake, naye hugutuka njia imekwisha kufungwa. Kabla ya kutoka, muulize mvuvi au mhudumu wa hoteli saa ya kujaa kwa maji, na urudi mapema.

Ufuo nao una saa zake. Mchana kuna watu na macho mengi. Jua likizama, sehemu kubwa hubaki tupu na vichochoro vya kutokea barabarani huwa na giza. Ondokeni kabla ya hapo. Mnapoogelea, mmoja abaki akilinda vitu. Simu hubeba fedha na mawasiliano yenu yote, hivyo namba ya siri asitajiwe mtu yeyote, hata akidai kuwa wakala au askari. Nauli ya tuktuk na bei ya mashua vipatanwe kabla ya kupanda, na kila abiria wa mashua avae jaketi la kuokolea.

Likitokea tatizo, pigeni 999 au 112. Kitambulisho kikipotea, toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, mpewe hati ya kuthibitisha upotevu. Msingoje siku ya kurudi mpakani.

Wahenga walisema mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Tuwaulize wenyeji, ili turejee nyumbani sote salama.