Kweli au Si Kweli: Mkono wa Serikali Kilosa na Mikumi

"Mkonge wa Kilosa uliuawa na nailoni."

Nusu kweli. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna takriban tani 230,000 za mkonge, na mashamba ya Kimamba na Rudewa yalichangia. Kamba za nailoni ziliangusha bei, hilo halina ubishi. Lakini bei hiyo hiyo iliwakuta Brazil na Kenya, na mkonge wao haukuporomoka kama wetu. Sisi, baada ya Azimio la Arusha la 1967, tuliyakabidhi mashamba mengi kwa shirika la umma, na maamuzi ya shambani yakawa yanasubiri ofisi za mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taifa zima halikufikisha tani 30,000.

"Uhuru wa kiuchumi ni hoja ya matajiri."

Si kweli. Tajiri ana karani wa kumfuatilia vibali. Anayeumia ni mwenye magunia machache ya mahindi pale Dumila. Ushuru wa mazao hukatwa kwenye thamani ya mzigo wala si kwenye faida, na ingawa kisheria mlipaji ni mnunuzi, yeye huushusha kwenye bei anayompa mkulima. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kuvuka halmashauri bila kutozwa. Walionufaika kwanza ni wadogo.

"Anayetaka serikali yenye mipaka hataki serikali."

Si kweli, na Kilosa inajua gharama ya serikali kukosekana mahali inapohitajika. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Ardhi iliyogombewa ilihitaji mipaka inayoeleweka, baraza linalotoa hukumu kwa haki na polisi wanaofika kwa wakati. Hizo ndizo kazi ambazo hakuna mwananchi anayeweza kujifanyia peke yake. Dola inayotumia watumishi wake kuhesabu magunia barabarani ili itoze ushuru inawapunguza kwenye kazi hizo, na mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko ushuru wenyewe.

"Mkaa ukiruhusiwa, msitu utakwisha; dawa ni kupiga marufuku."

Si kweli, na hapa wilaya ya Kilosa ina la kufundisha nchi nzima. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa, na amri ile haikudumu. Jiji la Dar es Salaam halikuacha kupikia mkaa, ila bei ilipanda.

Kuanzia 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, vikiwemo Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilijaribu njia nyingine, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za Uswisi. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa tayari inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha mpango: sehemu moja ya msitu wa miyombo iwe ya uhifadhi, sehemu nyingine iwe ya mkaa. Ya mkaa ikagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kuachana ili kilichokatwa kizungukwe na miti iliyosimama. Mti hukatwa lakini kisiki hubaki hai, kinachipua, na kitalu hicho hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Kandokando ya vyanzo vya maji hakukatwi.

Mchoma mkaa analipa ada kijijini na kupewa risiti. Fedha hubaki kwenye mfuko wa kijiji. Zimejenga madarasa na kukarabati majengo ya huduma. Tangu hapo anayeingiza msumeno usiku haibii tena ofisi iliyo mbali, anaiba darasa la watoto wa jirani yake, na kamati ya maliasili ya kijiji inamfuata kwa miguu. Ulinzi huo hakuna mshahara wa askari ungeweza kuununua katika kila bonde.

Kisha zikaja kanuni za uvunaji za 2019. Kijiji kilichokwisha kupitisha mpango wake kikatakiwa kupata pia ridhaa ya kamati ya uvunaji ya wilaya, na mauzo halali yakashuka. Mkaa wa wizi haujui kamati. Gunia lake halikusubiri kikao chochote.

Wizara ya Maliasili na Utalii ina sababu ya kutaka hesabu, na izitake: ikague vitalu, ipime machipukizi, ifungie kijiji kinachokiuka mpango wake. Ila kibali cha kila msimu kitolewe na mkutano mkuu wa kijiji chenye msitu, kwa kuwa Sheria ya 2002 inakiruhusu kijiji kusimamia msitu wake, na kipengele cha ridhaa ya wilaya kiondolewe kwa vijiji vyenye mpango uliokwisha kuidhinishwa.