Pedi za Breki: Nembo, Moto na Herufi Mbili

"Nikupe orijino au hii nyingine?" Mwenye gari yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya duka la spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, analijua swali hili. Wengi hulijibu kwa kupima fedha waliyonayo. Lakini nembo ya gari haimaanishi kwamba mwenye nembo ndiye aliyetengeneza spea. Plagi na sensa nyingi za Toyota hutoka Denso, kampuni iliyojitenga na Toyota mwaka 1949, na mara nyingi plagi iliyo kwenye boksi la Denso ni ileile iliyo kwenye boksi la Toyota, ila bei imepungua. Kinachotisha ni kundi la tatu, yaani bandia. Nembo inayouzika ndiyo inayoigwa zaidi, kwa hiyo boksi zuri si kinga.

Tofauti ya ubora inaonekana wazi zaidi kwenye breki. Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hubeba nishati ya karibu kilojuli 300. Ukilisimamisha kwa breki, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto kwenye diski na pedi ndani ya sekunde chache, joto linaloweza kuchemsha karibu lita nzima ya maji. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Sasa teremka Kitonga, mkoani Iringa, gari limejaa abiria na mizigo, na mguu hautoki kwenye breki: joto la kona moja halijapoa, la kona inayofuata limeshaongezeka.

Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, grafiti na madini, vikishikwa pamoja na gundi ya fenoli iliyogandamizwa na kuokwa. Kiwanda kikibana gharama kwenye gundi au kwenye muda wa kuoka, madhara hayaonekani kwa macho. Yanajitokeza kwenye moto: gundi inavunjika, inatoa gesi, na gesi hiyo inakaa kati ya pedi na diski. Dereva anakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, harufu ya kuungua inaingia ndani, lakini gari halishiki. (Pedali ikilegea na kuzama, hapo shaka ni mafuta ya breki yaliyochemka, si pedi.) Ndiyo maana ushuhuda wa "nimezifunga na hazina shida" hauna uzito mkubwa kutoka kwa mtu anayeendesha mjini tu. Kwenye foleni pedi hazifiki joto la kuzipima.

Kabla ya kulipa, geuza pedi usome ukingo wake au bamba la nyuma. Nyingi, hasa zinazolenga soko la Marekani, zina herufi mbili mwishoni mwa mlolongo wa namba. Ya kwanza hueleza mshiko kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye joto kali. E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FF inashikilia kiwango chake ikipata moto. Ya FE inapoteza. Zenye alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R zimepimwa kwa Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa: utendaji wake usitofautiane na wa orijino kwa zaidi ya asilimia 15, na boksi liwe na lakiri inayoonyesha kama limefunguliwa. Mwigaji naye anaweza kugonga herufi, kwa hiyo nunua kwa anayekupa risiti na atakayekuwepo dukani wiki ijayo.

Mimi nisingebana fedha kwenye breki, usukani na mkanda wa taimingi: nembo ya gari au kiwanda kinachojulikana, basi. Kioo cha pembeni au kava ya taa, chukua ya bei nafuu. Na spea iliyotumika, hata ikiwa orijino ya Japani, usiichukue ikiwa ni ya mpira. Mpira huzeeka kwa joto na hewa, na bushi iliyokaa kwenye gari miaka kumi imeshazeeka kabla hujaifunga.

Yuko pia mtu ambaye hakuulizwa chochote kaunta: fundi. Pedi zisizojulikana zilikotoka zinaweza kuwa na asbesto, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa mwaka 2005 na ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, wakati mwingine miaka 20 au 40 baadaye. Vijana wanaojifunza kazi hupuliza vumbi la breki kwa kompresa, nyuso zao sentimita chache kutoka kwenye gurudumu. Lilowesheni kwanza kwa maji, kisha mlifute kwa kitambaa cha kutupa.