Ama baada ya salamu

Mwezi wa Shaabani uliopita nilifanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka uso hunipata joto. Rafiki yangu mmoja, mpiga chapa wa Malindi, alikuwa na mswada wangu wa mashairi, naye aliniahidi karatasi za kusahihisha baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa tano. Asubuhi moja nikakaa mbele ya tarakilishi nikamwandikia baruapepe. Nilianza hivi: "Assalaam aleikum. Natumai waraka huu utakukuta u buheri wa afya, wewe na jamaa yako yote." Kisha nikaingia katika madai yangu na kuyatia ukali kidogo, kwani mtunzi akicheleweshewa mashairi yake huwa mtu asiye na subira.

Jibu lilikuja baada ya sala ya Magharibi. "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi alhamdulillahi. Mama tumemzika juzi baada ya Alasiri. Karatasi zako nitakuletea Jumatatu inshallah. Nisalimie nyumbani."

Ndugu msomaji, hebu litazame jibu hilo. Mimi nilimpa salamu moja tupu, yeye akanirudishia na ziada, rehema na baraka juu yake, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 86, kwamba tukiamkiwa tujibu kwa lililo bora zaidi au walau turudishe mfano wake. Na watu wa nyumbani kwangu akawasalimu, ilhali nyumba yenye msiba ni yake. Kudai karatasi zangu ilikuwa ni haki yangu. Lakini salamu ile haikuwa salamu. Nilimuuliza mtu hali yake kwa maneno yaliyotoka vidoleni yenyewe, na wala sikuwa na haja ya kujibiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizichungua salamu za barua za kazi, zangu na za wenzangu, kama fundi achunguzaye mbao zilizoliwa na mchwa. Na kila nikizichungua hukumbuka barua nilizokuwa nikimsomea nyanya yangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya 1970, nami ni mtoto wa chuoni, wino bado u vidoleni. Mjomba wangu alikuwa Uarabuni kwa kazi, na barua zake zikichukua wiki tatu au nne kutufikia. Nyanya alisoma herufi za Kiarabu bila taabu, bali mjomba aliandika kwa herufi za Kizungu, ndipo nikawa mimi msomaji. Barua ikianza kwa salamu, salamu hizo hujaza ukurasa mzima: kwa mama, kwa shangazi, kwa mwalimu wa chuo, kwa jirani wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto. Mimi nilitaka kuruka ili nifike kwenye habari za pesa, maana viatu vyangu vya Idi vilikuwa katika habari hizo. Nyanya hakukubali kabisa. Kila jina nililolisoma alilijibia, "Waaleihi salaam," kana kwamba mwanawe amesimama mlangoni. Na siku moja nilipomaliza orodha akaniuliza, "Mbona hakumtaja Fulani? Soma tena." Nikasoma tena, hakutajwa. Nyanya akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba pana jambo baina yao. Kweli palikuwa na jambo: deni, na maneno yaliyosemwa bandarini siku ya safari.

Hapo ndipo nilipojua kwamba salamu hazikuwa pambo la barua. Kwa nyanya salamu ndizo zilizokuwa habari yenyewe, na pesa zilifuatia.

Waandishi wa zamani wa pwani hii walikuwa na mpango wao, na mpango huo haukuwa wa kubahatisha. Mjerumani mmoja, C. G. Büttner, alikusanya nyaraka za Waswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu akazipiga chapa Berlin mwaka 1892, na mwenye kujua barua za wazee wetu hatashangazwa na umbo lake. Barua ilifunguliwa kwa Kiarabu cha heshima, ila jenab esh-sheikh, al-mukarram, al-muhibb, kila mtu kwa cheo chake. Kisha salamu na kuulizana hali. Ndipo huja yale maneno mawili matatu ambayo ni kama bawaba ya mlango: wa ama baada, yaani ama baada ya salamu. Hapo lugha hugeuka ikawa Kiswahili cha sokoni, na mtu akasema shida yake: pembe hazikufika, mtumwe fulani, nipe muda. Mwisho wasalaam, na wakatabahu, na jina la aliyeandika kwa mkono wake. Ajabu yake ni kwamba hata barua ya ugomvi ilipita mlango huo huo. Mtu alimwita mdaiwa wake mpenzi na azizi, akamwombea umri, kisha ama baada, akamwambia lipa.

Wako watakaosema huo ni unafiki. Mimi nasema sivyo. Wazee hao walitenga mtu na deni lake. Mtu alipewa haki yake kwanza, halafu deni likapewa lake.

Wala tusidhani kwamba adabu ni urefu. Tuliosoma chuoni twakumbuka kisa cha Nabii Suleiman katika Sura ya An-Naml, alipomtuma ndege hudhud kupeleka waraka kwa malkia wa Sabaa. Waraka wenyewe ulitaja unatoka kwa nani, ukafunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu Mwingi wa rehema, kisha amri ikaja kwa sentensi moja. Basi. Na malkia, kabla hata ya kuwaambia wakuu wake yaliyomo, aliusifu kuwa ni waraka mtukufu. Leo ungeenea katika kioo cha simu bila kusukuma kwa kidole.

Sasa ufupi wa baruapepe umetoka wapi? Kabla yake ilikuwako simu ya maandishi, iliyofika Unguja kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879, na humo kila neno lililipiwa. Asiyesalimu alikuwa na udhuru wa mfuko. Baruapepe haina udhuru huo. Ray Tomlinson, Mmarekani aliyeanza kuituma kutoka tarakilishi moja hadi nyingine mwaka 1971, ujumbe wake wa kwanza wa majaribio alijipelekea mwenyewe, na mtu hajiamkii. Mwaka 1978 wataalamu wengine wawili wa huko huko, Licklider na Vezza, waliandika kuhusu mtandao wao wa ARPANET, wakasema miongoni mwa faida zake ni kwamba mtu aweza kuandika kwa mkato, na hata kwa makosa ya herufi, kwa mtu aliyemzidi umri na cheo na hata kwa asiyemjua vizuri, naye mpokeaji asichukizwe. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Faida! Mwambie mzee wa Kibokoni kwamba hiyo ni faida.

Lakini mabwana wale hawakukosa. Wao walikuwa watu wachache, wa kazi moja, wakijuana desturi, na baina yao mkato ulikuwa ni ishara ya udugu. Kosa ni letu sisi tuliochukua desturi ya baraza lao tukaipeleka kwenye baraza za watu wengine.

Nina mpwa wangu afanyaye kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa. Kazi yake ni ya mbio, kwani kasha likizidisha siku zake bandarini huanza kutozwa ada, na ada hiyo haina huruma. Yeye huandikiana na wakala mmoja wa Rotterdam ambaye hujibu kwa neno moja tu, "Imepokewa," na wamekaa hivyo miaka mitatu wakipendana. Siku moja akamwandikia mteja wao, mzee mwingizaji mchele wa Mji wa Kale: "Tuma hati za mzigo leo kabla ya saa kumi." Hakuna jina, hakuna salamu, hakuna tafadhali. Saa tisa mzee akaingia kwa miguu yake, akatoa salamu kwa kila aliyekuwamo, mmoja mmoja, hadi mtumishi wa chai. Akaziweka hati mezani. Kisha akasema huo ndio mzigo wake wa mwisho katika ofisi ile. Alikuwa mteja wao kabla ya mpwa wangu hajazaliwa.

"Mjomba, wallahi sikumtukana," aliniambia. Nami namsadiki. Nikamkumbusha yale tuliyofundishwa sote tukiwa wadogo: aliyepanda mnyama humwanza salamu aendaye kwa miguu, aendaye humwanza aliyekaa, mdogo humwanza mkubwa. Sanduku la baruapepe la mtu ni baraza yake. Yeye amekaa, wewe ndiwe mpita njia; na ukipita mbele ya baraza ya mtu mzima kimya huku wamwamrisha, usiseme hukumtukana. Siku hizi mpwa wangu huandika hivi: "Assalaam aleikum Mzee wetu. Hatukupenda kukusumbua, bali kasha litaanza kutozwa ada kesho. Twaomba hati kabla ya saa kumi." Hazizidi sentensi tatu, na kasha halichelewi. Yule mzee wa mchele hata hivyo hakurudi.

Upande wa pili kuna wale wanaosalimu kwa fomu. "Mpendwa Bwana," waandika, wakifuata Kiingereza. Mimi katika umri wangu wote sijapata kumpenda afisa wa kodi. Wengine huandika sabalkheri kwa mtu aliye Toronto, ambaye ataisoma usiku wa manane. Barua za majahazi hazikuwa na sabalkheri, maana aliyeandika hakujua itafunguliwa saa ngapi wala msimu gani. Wako pia wanaoikata salamu ya Kiislamu ikabaki herufi tatu, kisha wakaandika aya kumi juu ya posho. Hao nawaachia masheikh.

Na kuna balaa la jibu kwa wote. Ofisi yatangaza kwamba mwenzetu fulani amejaaliwa mtoto, watu arubaini wapelekewa, na arubaini hao wote wajibu hongera kwa wote arubaini. Mimi siku hiyo nilikuwa nasubiri barua moja ya maana ikazama humo kama kete baharini. Katika mafundisho yetu kundi likiamkiwa, akijibu mmoja amewatolea wengine wajibu. Hiyo ndiyo fardhi kifaya, na hata wenzetu wasio Waislamu nadhani wangeipenda.

Siku hizi hata kazi ya kusalimu imepewa mashine. Ukiandika neno la kwanza lenyewe lakutolea mengine saba, na ukipokea barua lakuwekea majibu tayari, uchague kwa kidole. Mwaka 2015 wahandisi wa Google walisimulia wenyewe kwamba walipokuwa wakiijaribu mashine yao ya kujibu baruapepe, ilikuwa haraka mno kupendekeza jibu la "nakupenda", hata pasipostahili. Ilikuwa imejifunza kwamba maneno hayo husemwa mara nyingi, isijue husemwa kwa nani. Niliposoma kisa hicho sikuweza kuicheka ile mashine kwa muda mrefu. Ni nani aliyemwandikia mfiwa kwamba anamtumai katika buheri wa afya, yeye na jamaa yake yote? Mimi nilifanya hivyo bila msaada wa mashine.

Sikuingoja Jumatatu. Siku ya pili yake nilipanda matatu hadi Malindi kumpa mkono wa taazia. Nilimkuta barazani na watu wa mtaa, mikeka bado imetandikwa. Nikaanza kuomba radhi kwa ile barua yangu, akanikata maneno, akaniita ndani nimwone baba yake, mzee wa miaka themanini na zaidi, ambaye tangu mazishi alikuwa hali chakula ila akibembelezwa. Tukakaa naye. Mzee aliniuliza nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, Mombasa kuna mvua, na kila nilipojibu alingoja nimalize ndipo aulize jingine. Nilipoaga nikapewa bahasha. Karatasi zangu zilikuwa zimekwisha kabla ya msiba, ila hakupata mtu wa kuzileta.

Kitabu sasa ki karibu kutoka. Wiki iliyopita nilihitaji kujua rangi ya jalada, nikafungua tarakilishi. Vidole vikaanza vyenyewe, natumai waraka huu, nikafuta. Nikaandika: "Assalaam aleikum. Mzee sasa anakula?"

Akanijibu kwa mistari sita, yote ya baba yake: kwamba asubuhi hunywa uji, kwamba Ijumaa iliyopita aliweza kwenda msikitini, kwamba ameniulizia. Nikamwandikia tena papo hapo kumshukuru Mungu pamoja naye na kumrudishia mzee salamu zake, nikaituma. Ilikuwa imekwenda ndipo nilipokumbuka kwamba habari ya jalada sikuigusa.