Moshi mapafuni, maumivu vidoleni

Jina lenyewe hupotosha. Mtu akiambiwa ana baridi yabisi, huilaumu sakafu ya saruji, maji ya alfajiri au mvua ya masika. Baridi inaweza kumzidishia maumivu, lakini siyo iliyouanzisha ugonjwa. Katika mambo yanayomzunguka binadamu, lililothibitika zaidi kuuchochea ni moshi wa sigara.

Inayozungumziwa hapa si ile ya uzeeni, ya magoti yaliyolika. Ni ile ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kushambulia maungio, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Mara nyingi huanzia mikononi. Mama anaamka vifundo vya vidole vimevimba, kulia na kushoto. Ngumi haifungi, kifungo cha gauni kinamshinda, tonge la ugali halifinyangiki. Saa nzima hupita, pengine zaidi, kabla vidole havijalegea.

Moshi unaoingia mapafuni unafikaje kwenye kidole?

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka Sweden, ambako tangu mwaka 1996 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, wamekuwa wakiwalinganisha wagonjwa wapya na watu wazima wa afya. Mwaka 2006, kundi la Profesa Lars Klareskog lilieleza kwamba moshi huchochea mapafuni mabadiliko ya protini: kimeng'enya hugeuza arjinini, mojawapo ya viungo vinavyojenga protini, kuwa sitrulini. Badiliko ni dogo, ila kwa aliyerithi jeni fulani, kinga huiona protini hiyo kama mgeni na kuitengenezea kingamwili. Kingamwili hizo huweza kukaa kwenye damu miaka mingi kabla kidole cha kwanza hakijauma. Wavutaji waliorithi jeni hizo kwa baba na kwa mama pia walikuwa na hatari mara 21 ya wasiovuta na wasio nazo.

Sweden ina jambo jingine la kufundisha. Wengi huko hutumia snus, tumbaku yenye unyevunyevu inayobanwa chini ya mdomo wa juu. Nikotini imo tele, moshi haumo. Watumiaji wake hawakuonekana kuugua baridi yabisi kuliko wengine, jambo linaloelekeza kidole kwenye moshi badala ya nikotini. Hata hivyo, asikimbilie mtu ugoro kwa sababu hiyo. Tumbaku isiyovutwa nayo husababisha saratani ya kinywa.

Wale wanaojifariji kwamba wao huvuta "moja moja tu" wanastahili kuambiwa ukweli huu: kati ya wanawake wa Sweden waliofuatiliwa kwa miaka, hata waliovuta sigara 1 hadi 7 kwa siku hatari yao ilizidi maradufu. Kwa walioacha ilishuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila kufika chini kama ya wasiowahi kuvuta.

Na aliyekwisha kuugua? Bado sigara humfuata hadi kwenye dawa. Wagonjwa wapya walipoanzishiwa methotreksati, miezi michache baadaye 36 kati ya kila 100 wasiowahi kuvuta walikuwa wamepata nafuu nzuri. Kwa waliokuwa wakiendelea kuvuta, walikuwa 27.