Malaika Hakuulizwa

Bila shaka umepata kuusikia wimbo wa "Malaika" ukipigwa harusini, wageni wakiinuka kucheza kwa furaha. Umewahi kujiuliza kwa nini? Wimbo ule, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ukavumishwa duniani na Miriam Makeba, hauna harusi ndani yake. Ni kilio cha kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali.

Huko Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, nimeukuta ukifasiriwa vingine. Kijana mmoja mchimbaji alinieleza kwamba maana yake ni moja tu: mali haikutafutwa vya kutosha. Yeye anawatafuta ng'ombe wa mahari chini ya ardhi. Hushuka kwenye duara kwa kamba, matimba yakiwa yamekwisha kuoza, kwa kuwa, asema, apendaye haogopi. Usukumani mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na asiye na baba mwenye zizi hana budi kulijaza mwenyewe. Wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha mwaka 2001, lakini vijana wa Kahama na Geita hawajaacha kuchimba.

Siiafiki tafsiri yake. Mwimbaji yule haahidi kufa, wala haonyeshi kifua. Anakiri kushindwa, tena hadharani, jambo ambalo wanaume wengi wa kwetu wangeona afadhali wazikwe kuliko kulitamka. Uchungu wake haumlaumu binti. Unailaumu fedha iliyosimama katikati yao. Basi anayeusikia akaokota sururu ameelezwa ugonjwa, naye akaufanya dawa.

Tena liko jambo ambalo hata wapenzi wa wimbo huu hulipita bila kulitazama. Malaika mwenyewe hasemi neno. Hatuambiwi kama ni yeye aliyedai mali, au ni wazazi wake, au kijana alijihukumu mwenyewe kabla ya kuuliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, wala ndoa haibatiliki eti kwa sababu mahari haikutolewa. Wazee wa Usukumani wana jibu lao, nalo si jepesi: kwa mila, mahari isipotolewa watoto ni wa upande wa mama. Hapo ndipo kijana wetu anapobanwa, na mimi sina ubavu wa kumcheka.

Nilimwuliza mchumba wake anataka ng'ombe wangapi. Alikaa kimya kitambo, akasema hawajapata kulizungumza. Kisha akajifunga tochi kichwani, akaishika kamba.